Cuban Marimba: Bendi Isiyokuwa na Mwajiri

Historia za bendi za dansi Tanzania huandikwa kama wasifu wa mtu mmoja. Ukitaja Morogoro Jazz, msomaji anamkumbuka Mbaraka Mwinshehe. Ukitaja Cuban Marimba, anamkumbuka Salum Abdallah, na habari inaishia pale mtu huyo anapofariki. Mazoea haya yana sababu yake, kwa kuwa sauti ndiyo inayobaki masikioni, lakini yanaficha jambo ambalo naona ndilo kubwa zaidi. Cuban Marimba Band ya Morogoro ilikuwa taasisi. Mizizi yake ni kundi lililoanzishwa mwaka 1948 na vijana wa mjini, bila serikali, bila shirika na bila chama cha wafanyakazi nyuma yao. Ilipiga muziki wenye asili ya Cuba, muziki uleule uliokuja kuizaa salsa. Ilimpoteza mwanzilishi wake mwaka 1965 na bado ikaendelea kupanda jukwaani. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba uhai huo haukuletwa na kipaji peke yake. Uliletwa na namna bendi ilivyojitegemea, na hata kilichokuja kuidhoofisha kilitokea pale ambapo kujitegemea kwake kulikuwa na mpaka.

Msomaji aliye Litapunga, huko Mpanda mkoani Katavi, ana haki ya kuuliza mambo ya Morogoro yanamhusu nini. Yanamhusu kwa reli kwanza. Njia inayotoka Kaliua kwenda Mpanda, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi, iliunganisha eneo hili na Tabora na kwa hiyo na Reli ya Kati yote, Morogoro ikiwa mojawapo ya stesheni zake kubwa. Vijana wa Morogoro walipokuwa wanaanza kupiga gitaa ndipo Mpanda ilipokuwa inaanza kuwa mji wa stesheni na mgodi. Tena Mpanda wakati huo ilikuwa sehemu ya Jimbo la Magharibi, makao yake Tabora, na Tabora ilikuwa na bendi zake zenye heshima: Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz. Hata Dar es Salaam kulikuwa na Western Jazz Band, iliyoundwa mwaka 1959 na Iddi Nhende, ikabeba jina la jimbo hilo ambako watu wake walikuwa wametoka, na mtindo wake, Saboso, ulikuwa na harufu ya Cuba waziwazi. Kwa hiyo mtu wa Katavi akisoma habari za bendi huru za miaka ile anasoma sehemu ya historia yake pia, ingawa mkoa wake ulipata jina la sasa mwaka 2012 tu.

Muziki wa Cuba ulifikaje hapa? Ulifika kwa santuri. Mwaka 1933 kampuni ya Gramophone ya Uingereza ilianza kuuza Afrika mfululizo wa santuri uliopewa herufi GV, ambao namba yake ya kwanza ilikuwa na wimbo El Manisero uliopigwa na bendi ya Don Azpiazu. Zilizofuata zilikuwa na Sexteto Habanero, Trio Matamoros na wengineo. Watu wa pwani na wa miji ya bara hawakujua Kihispania, lakini walichokisikia hakikuwa kigeni kwao. Mapigo matano ya vijiti viwili yanayoshikilia wimbo mzima, ngoma ndogo za mkono zinazoongea kati ya maneno, kiongozi anayetoa mstari na kundi linaloitikia: hayo yote yalikuwa yamevuka bahari kutoka Afrika pamoja na watumwa, na sasa yalikuwa yanarudi kwenye sahani nyeusi. Miaka mingi baadaye, wanamuziki wa Cuba na Puerto Rico waliokuwa New York waliuchukua muziki huohuo, wakauongezea matarumbeta na kasi ya jiji, na dunia ikauita salsa. Salsa na dansi letu la zamani, basi, ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba tofauti.

Salum Abdallah Yazide, ambaye wapenzi wake walimwita kwa herufi zake SAY, alizaliwa Morogoro mwaka 1928, baba Mwarabu na mama Mwafrika. Alikulia katika mji ambao santuri za GV zilisikika, na mapenzi yake kwa muziki huo yalimfikisha mbali: akiwa kijana alitoroka nyumbani akaenda Mombasa akitafuta meli ya kumpeleka Cuba. Meli hakuipata, akarudi. Mwaka 1948 yeye na wenzake wakaunda kundi waliloliita La Paloma, jina la wimbo maarufu wa mtindo wa habanera, na baadaye kundi hilo likawa Cuban Marimba Band. Safari ile ya Mombasa husimuliwa kama kichekesho cha ujana. Naiona kuwa ushahidi wa jambo zito zaidi. Kijana wa miaka ile aliyetaka kupanda katika maisha alikuwa na njia zinazojulikana, shule ya misheni, ukarani, biashara ya baba. Kuchagua muziki kiasi cha kuacha nyumba kulikuwa ni kuutangaza muziki kuwa kazi yenye thamani, na alipokosa Cuba alifanya lililo gumu kuliko kusafiri: aliijenga Cuba yake Morogoro, kwa watu wa Morogoro, kwa Kiswahili.

Ili kuelewa uhuru wa bendi hii inabidi kukumbuka jinsi bendi za enzi ile zilivyoendeshwa. Neno jazz katika majina yao halikuhusu sana muziki wa Wamarekani, lilihusu klabu. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na nyingi kati ya bendi hizo zilikuwa vyama vya watu wa mji, zikiwa na wanachama, wapenzi na viongozi, zikirithi taratibu za vyama vya ngoma ya beni vilivyokuwapo kabla yao. Wanamuziki wengi walikuwa na kazi nyingine mchana, wakipiga dansi mwisho wa wiki. Fedha ilitoka mlangoni, kwa kiingilio, na ilirudi kwenye nyuzi, ngozi za ngoma na nauli. Pesa haikuwa nyingi, ila ilikuja na masharti ya aina moja tu: watu waje. Bendi ikicheza vibaya, ukumbi unabaki mtupu Jumamosi ijayo. Ikicheza vizuri, hakuna ofisa yeyote wa kuiambia ibadili wimbo. Ndani ya Morogoro sharti hilo lilikuwa kali maradufu kwa sababu mji mdogo ulikuwa na bendi mbili kubwa, Cuban na Jazz, na wapenzi wao walishindana kwa ukali uleule ambao leo unaonekana kati ya Simba na Yanga. Ushindani huo ulifanya kazi ambayo hakuna baraza la sanaa lililowahi kuifanya vizuri hivyo. Ulilazimisha kila upande kutunga upya, kuimarisha saksafoni, kutafuta mpiga solo mwingine, kubuni mtindo. Si bahati tu kwamba mji usiokuwa makao makuu ya nchi ulitoa sauti mbili zilizotikisa Afrika Mashariki nzima.

Kuna wanaosema bendi iliyojiita Cuban na kupiga chacha na bolero haikuwa huru hata kidogo, kwa kuwa ilikuwa inaiga. Hoja hii ilikuwa na nguvu hasa baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere alipounda mwaka 1962 wizara ya utamaduni wa taifa na kuwahimiza Watanganyika waache kujivunia rumba na chachacha huku wakizisahau ngoma zao. Naiheshimu hoja hiyo, maana ilitoka kwa watu waliokuwa wametawaliwa na waliochoka kuambiwa kila kizuri kinatoka ng'ambo. Lakini ikipimwa dhidi ya nyimbo zenyewe haisimami. Salum Abdallah hakutunga kuhusu Havana. Alitunga kuhusu mapenzi, ndoa, shemeji, wanawake wa nchi yake na mambo ya siku zile, kwa Kiswahili chenye mafumbo ambayo msikilizaji wa Kiluguru, wa Kinyamwezi au wa Kikonongo aliweza kuyafumbua bila mkalimani. Alichochukua Cuba ni mdundo, na mdundo huo, kama nilivyoeleza, ulikuwa na asili yake upande huu wa bahari. Kama kuiga ni kuchukua chombo cha mwenzako na kusemea maneno yako, basi hata mashairi yetu ya mizani yameiga. Zaidi ya hapo, bendi hizo hazikungoja wizara ili ziuimbie uhuru. Ziliuimba kwa sababu wasikilizaji wao waliutaka, na wimbo wa namna hiyo una uzito tofauti na ule ulioagizwa.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Linasema kwamba Cuban Marimba haikuwa taasisi, ilikuwa Salum Abdallah na watu wake, na kwamba kilichoitwa kujitegemea kilikuwa ni kumtegemea mtu mmoja mwenye kipaji na mwenye uwezo. Ni kweli kwamba bila yeye bendi isingezaliwa, na ni kweli kwamba sauti yake ndiyo iliyouza santuri. Hata hivyo mwaka 1965 alifariki kwa ajali ya gari, akiwa bado hajafikisha miaka arobaini, na hapo ndipo kipimo halisi kilipofika. Bendi ya mtu mmoja ingekufa naye. Cuban Marimba haikufa. Juma Kilaza alichukua uongozi, akaibadilisha, akaipa mtindo wa Ambianse, na nyimbo zake zikapata wapenzi ambao hawakuwahi kumwona SAY jukwaani. Ukitaka kuona tofauti, itazame Super Volcano. Mbaraka Mwinshehe, aliyekuwa ameipeleka Morogoro Jazz hadi maonyesho ya Osaka nchini Japani mwaka 1970, alitoka mwaka 1973 na kuunda bendi hiyo ambayo ilikuwa yake kwa kila maana. Alipofariki naye kwa ajali ya barabarani, nchini Kenya, mwaka 1979, Super Volcano haikudumu. Simdharau Mbaraka kwa kusema hivyo. Kwa gitaa na kwa utunzi huenda hakuwa na mpinzani katika kizazi chake. Ninasema tu kwamba bendi mbili za wanamuziki wa mji mmoja zilipata msiba wa aina moja, na ile iliyokuwa na mizizi katika klabu na katika mitaa ya mji ndiyo iliyoweza kuuvuka.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua zaidi, na sitaki kulipita haraka. Linasema: tazama matokeo. Cuban Marimba leo haipo, lakini bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi, NUTA Jazz, ipo, imepitia majina ya Juwata na OTTU na inaitwa Msondo Ngoma. Ilikuwa ya kwanza kuwapa wanamuziki mshahara wa kila mwezi. Baada yake zikaja bendi za polisi, jeshi, JKT na mashirika ya umma, na mwanamuziki akapata kile ambacho klabu haikuweza kumpa: kipato cha uhakika, matibabu, vyombo vipya vilivyoagizwa nje. Nani angemlaumu mpiga besi mwenye watoto kwa kuondoka Morogoro kwenda kuajiriwa Dar es Salaam? Hapa lazima tukubali kwamba mfumo wa kuajiriwa ulifanya jambo jema kwa watu halisi. Uliwaheshimu kama wafanyakazi wakati ambapo wengi waliwaita wahuni. Na baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, nchi ilipoishiwa fedha za kigeni, shirika lilikuwa na mlango wa kubisha ili kupata spika na nyuzi, ilhali bendi ya mji mdogo haikuwa na pa kubisha. Bendi huru nyingi zilikauka katika miaka hiyo, na siwezi kuamini kwamba zilikauka kwa sababu watunzi waliishiwa maneno.

Lakini tuifuate hadithi ya bendi za mashirika hadi mwisho wake. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, TTTS. Shirika likashindwa, na mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Wanamuziki waliotunga baadhi ya nyimbo bora kabisa katika Kiswahili walikuwa wakihamishwa pamoja na meza na magari ya ofisi. Mwaka 1985 mfanyabiashara mmoja alivuta baadhi ya nyota wa Mlimani kwa mshahara mnono na kuunda International Orchestra Safari Sound, bendi tamu isiyo na kifani, na baada ya miaka michache tu, mwenye vyombo alipoamua kuachana na shughuli hiyo, bendi ikaisha. Wimbi la kubinafsisha mashirika lilipokuja katika miaka ya 1990, bendi nyingi zilizokuwa chini yake zilizama nalo. Na Msondo? Msondo na Sikinde, kama Mlimani Park inavyojulikana, zimefika leo kwa sababu, wafadhili wao walipojitoa, wanamuziki walikubali kusimama wenyewe, kwa kiingilio na kwa wapenzi wao. Yaani bendi zinazotajwa kama ushahidi dhidi ya Cuban Marimba ziliokoka kwa kurudi kwenye njia ambayo vijana wa Morogoro walikuwa wameianza mwaka 1948. Mshahara uliwalea wanamuziki, sawa, lakini wapenzi wa bendi ndio waliozibakiza bendi hai.

Palikuwapo pia njia ya tatu ambayo ingestahili kuigwa zaidi kuliko ilivyoigwa. Orchestra Maquis ilianzia Katanga, upande wa pili wa ziwa ambamo wavuvi wa Ikola na Karema huvua usiku, ikapita Uganda na kufika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ikiongozwa na Chinyama Chiyaza, na ikiwa na mtindo wa Kamanyola uliowafanya watu wajae ukumbini, haikutafuta shirika la kuiajiri. Iliunda kampuni ya wanamuziki wenyewe, OMACO, na kwa kampuni hiyo iliweza kumiliki vyombo, kupanga mishahara na kuvumilia kuondoka kwa wapigaji na waimbaji wakubwa kwa miaka mingi. Walichofanya wageni hawa ni kuchukua moyo wa klabu na kuuwekea karatasi za kisheria. Cuban Marimba ilikuwa na huo moyo tangu mwanzo. Ulinzi wa kisheria ndio haikuwa nao, na hapo tunafika kwenye mpaka niliouzungumzia.

Mpaka huo ni kurekodi. Jukwaani bendi ya Morogoro ilikuwa huru kabisa, lakini haikuwa na mashine ya kufyatua santuri, na Tanganyika haikuwa nayo. Rekodi za Salum Abdallah za miaka ya 1950 na 1960 zilitoka kwenye lebo kama Mzuri, iliyokuwa ya Assanand wa Mombasa, na kwa miongo iliyofuata bendi za Tanzania zilitegemea kampuni za Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia hiyo nayo ikawa ngumu. Ikabaki redio ya taifa. Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1951, na warithi wake hadi Radio Tanzania, waliufanyia muziki huu wema mkubwa: waliurekodi kwa kanda nzuri na kuusambaza hadi mahali ambapo hakuna bendi ambayo ingeweza kufika kwa basi, vijiji vya Mpanda vikiwamo. Bila redio, sifa ya Cuban Marimba ingeishia kwenye ukumbi na kwenye nyumba zenye gramafoni. Lakini kanda zilikuwa za redio na santuri zilikuwa za kampuni. Bendi ilijitawala usiku wa dansi tu. Kesho yake asubuhi, wimbo ulipokuwa unauzwa dukani au kupigwa hewani, ulikuwa tayari umetoka mikononi mwake.

Wapo watakaojibu kwamba sheria imekwisha kulishughulikia hilo. Tanzania ilitunga sheria ya hakimiliki mwaka 1966, na ile ya mwaka 1999 ndiyo iliyoleta COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki. Ni hatua za kweli na sitazibeza. Tatizo ni kwamba sheria ya aina hii humlinda vizuri mtu mwenye jina, saini na mkataba, na bendi za klabu zilifanya kazi kwa makubaliano ya mdomo, wimbo ukitungwa na mmoja, ukipangwa na watano na kuimbwa na kumi. Santuri ikitolewa upya Ulaya, kama zile za Salum Abdallah zilivyokusanywa katika albamu Ngoma Iko Huku na lebo ya Dizim ya Ujerumani, jina linalotangulia ni la kiongozi. Mpiga bongo, mpiga manyanga, mwitikiaji aliyesimama nyuma ya kipaza sauti kimoja pamoja na wenzake, hao ni nadra kupata mstari wa kuwataja. Taasisi iliyojengwa na wengi inarithiwa kana kwamba ilikuwa ya mmoja, na ndiyo sababu nikaanza makala hii kwa kulalamikia wasifu.

Kwa hiyo kuikumbuka Cuban Marimba kwa haki kunadai kazi mbili ambazo bado zinawezekana. Ya kwanza ni kwa watu wa Morogoro: kuandika orodha za wapigaji wa kila kipindi, kuanzia La Paloma hadi kikosi cha Kilaza, wakati bado wapo wazee wanaoweza kutambua mkono wa nani uko kwenye solo ipi. Ya pili ni kwa redio ya taifa, ambayo maktaba yake ya kanda ndiyo hazina kubwa kuliko zote za dansi nchini: kila wimbo unaohamishwa kutoka kwenye kanda kwenda kwenye kompyuta uhamishwe pamoja na majina ya bendi nzima, na malipo yake, yakiwapo, yagawanywe kwa kufuata orodha hiyo. Na kikundi kinachoanza leo Litapunga, kiwe cha dansi, cha kwaya au cha ngoma, kinaweza kufanya tangu siku ya kwanza kile ambacho vijana wa 1948 hawakupata nafasi ya kukifanya: kuandika nani anamiliki vyombo, nani ametunga nini, na rekodi itakuwa mali ya nani.